Rubani wa Gari la Chama

Gari la chama chetu ni moja, nalo si kijana. Kwa miaka mingi limewachukua walimu wa Kiswahili kutoka Kampala hadi shule za Masaka, Mbarara na Kabale, na mara chache limevuka mpaka wa Katuna kwenda kwa wenzetu wa Kigali. Muda wote huo hatukuhitaji ramani, kwani ramani ilikuwa kichwani mwa dereva wetu, mzee ambaye kila kona aliijua kwa jina, na kila jina alilijua sababu yake. Alipotujulisha kwamba macho yake hayamruhusu tena kuendesha usiku, na kwamba mwisho wa mwaka angestaafu, halmashauri ilikaa ikapitisha mambo mawili: aajiriwe dereva kijana, na kinunuliwe chombo cha kuonyesha njia, kile kidogo kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari. Kazi ya kuchagua chombo nilipewa mimi, nadhani kwa sababu sikuwapo mkutanoni.

Fedha zilizotengwa zilikuwa michango ya walimu, na mwalimu hutoa mchango wake kwa kujibana. Niliona basi kuwa ni haki nijue kwanza chombo chenyewe hufanyaje kazi.

Juu ya vichwa vyetu, kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi, huzunguka setilaiti zilizorushwa na Marekani. Ya kwanza iliruka mwaka 1978, na mpango mzima ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Kila setilaiti ina saa yenye usahihi wa ajabu, nayo hutangaza bila kukoma mahali ilipo na wakati ulivyo. Chombo cha garini husikiliza tu, hakirudishi neno. Kikizisikia setilaiti nne kwa pamoja hupiga hesabu ya tofauti za wakati, na hapo hujua kilipo. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, gari litaonekana limehama mita 300. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakizivuruga kwa makusudi ishara walizowapa raia, ili majeshi yao peke yao yafaidi usahihi kamili. Tangu walipoacha, mtu wa kawaida hujua alipo kwa kukosea mita chache tu. Siku hizi Warusi, Umoja wa Ulaya na Wachina nao wana setilaiti zao, na vyombo vingi vipya huzisikiliza zote bila ubaguzi.

Lililonifurahisha katika haya ni kwamba kazi hiyo yote haihitaji mnara wa simu. Katika mabonde ya Kabale simu hunyamaza, lakini mbingu haifungwi.

Walakini, setilaiti hazijui barabara. Humwambia mtu alipo, wala hazimwambii pana nini hapo. Hilo ni kazi ya ramani iliyohifadhiwa ndani ya chombo, na ramani huchorwa na watu, tena huzeeka. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, maana wakiwa dukani hutazama ukubwa wa kioo na mng'ao wa rangi, wasiulize ramani ni ya mwaka gani.

Mwenye duka, mtu muungwana, aliniruhusu kuchukua vyombo viwili kwenda navyo Jinja na kurudi, baada ya kumwachia rehani. Nilimwomba Mzee atuendeshe. Kimoja kilikuwa kipana, cha inchi 7, kizuri kama picha ya ukutani. Cha pili kilikuwa cha inchi 5, hakina urembo. Safari ilikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye daraja jipya la Jinja, lile lenye urefu wa mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018. Chombo kipana kilikuwa hakijapata habari za daraja hilo. Kilituonyesha tumeiacha barabara, tumeingia katika Mto Naili, na gari letu linaelea juu ya rangi ya buluu, huku sauti ikitusihi tugeuze. Mzee alikitazama kwa pembe ya jicho, akasema, "Mwalimu, huyu anataka tuogelee." Kile kidogo kilituvusha salama. Nikaambiwa baadaye kwamba chombo kipana kingekufanyia vivyo hivyo kwenye barabara mpya ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka huo huo: kingekupitisha katika mafunjo.

Hata hivyo, ramani mpya nayo haitoshi. Mei 2023 mafuriko ya Mto Katonga yaliikata barabara kuu ya Masaka, magari yakaelekezwa kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Wakati huo tulikuwa na safari ya Mbarara, na mwenzetu mmoja alikuja na chombo alichoazima kwa shemeji yake. Kwa muda wa saa nzima kiliturudisha nyuma kuelekea daraja ambalo halipitiki. Chombo kilikuwa hakijui kwamba mvua imenyesha. Mzee alikizima kwa kidole kimoja, akaishika njia ya Kanoni ambayo aliipita kabla baadhi yetu hatujazaliwa.

Kwa sababu hiyo nilijiuliza kama si bora tutumie simu, ambayo hupokea habari za siku ile ile, na ambayo kila mwalimu anayo mfukoni. Wengi sasa hufanya hivyo, na maduka ya vyombo hivi yamepungua. Tena simu nayo huzisikiliza setilaiti zenyewe, na mtu akihifadhi ramani mapema haihitaji mtandao njiani. Lakini simu iliyowekwa juani nyuma ya kioo hupata joto, mwisho ikajizima. Na mkuu wa shule akipiga kuuliza wageni wamefika wapi, ramani hufichwa na jina lake pale pale penye njia panda. Chombo maalumu hakina rafiki wa kukipigia. Niliandika katika taarifa yangu kwamba chombo ndicho kimwongoze dereva, na mwalimu aketiye kando yake awe na simu ya kuulizia hali ya barabara.

Lililobaki lilikuwa sauti, na hapa kikao kilichacha. Vyombo vyote viwili vilizungumza Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine nyingi za Ulaya, Kiswahili hakikuwamo. Mwenzetu mmoja alisema kwa uchungu kwamba ni aibu walimu wa Kiswahili kwenda kukifundisha huku wakiamrishwa kwa Kiingereza njia nzima. Hakukosea. Bunge la Uganda lilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Rwanda nayo ikakipa urasmi mwaka 2017, lakini kwenye dashibodi lugha hii haina kiti. Maneno tunayo: kulia, kushoto, nyoosha, geuka, umefika. Hata neno la mzunguko wa barabara tunalo, ingawa hapo pana kichekesho. Watanzania huuita kipilefti, kutokana na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto. Ukishavuka Katuna unaendesha upande wa kulia, na dereva atakayelitii jina hilo mjini Kigali atakutana na mabasi uso kwa uso.

Tulijaribu pia sauti inayosoma majina ya mahali. Ilikuwa adhabu kuisikiliza. Kyengera, ambayo kila Mganda huitamka kwa sauti ya "ch", ilisomwa kama jina la dawa. Ntungamo ilivunjwa vipande viwili. Kumbe zipo sauti nyingine, zilizorekodiwa, ambazo husema tu geuka au nyoosha wala hazitaji jina lolote, na kwa maoni yangu ndizo bora. Asiyeweza kulitamka jina la mahali kwa watu heri aliache.

Kuhusu jina la chombo chenyewe, wengine walitaka kielekezi, wengine dira. Mimi nilipendekeza rubani. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi alipewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Wataalamu wameligombania sana jina la mtu huyo, ila kazi yake haina shaka: aliijua njia, lakini chombo na amri vilikuwa vya mwingine. Dira huonyesha upande tu. Neno langu lilipita kwa kura chache.

Tulinunua kile kidogo. Hakimzibii dereva kioo, ramani yake huongezwa upya bila ada ya kila mwaka, na hukubali pia ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambao mtu yeyote aweza kuuchorea barabara ya kijiji chake. Tena kina sifa moja ambayo mwenye duka hakuitaja: mwenye chombo aweza kuweka ndani mahali pake mwenyewe, kwa jina alitakalo, na gari likikaribia hapo kikatoa mlio.

Katika wiki zake za mwisho kazini, Mzee aliketi kando ya dereva kijana kwenda Kabale na kurudi, mimi nyuma na chombo kimeondolewa kiooni kipo magotini. Alikuwa akisema, "Hapa," nami nabonyeza. Aliweka mahali 61, vyote kwa Kiswahili: Telezi, Ng'ombe Jioni, Polepole Shule, Chai Nzuri, Usisimame Usiku. Karibu na Lyantonde alitaka iandikwe Mvuleni. Nikatazama pande zote mbili, sikuona mti. Akasema ulikatwa zamani, ila andika tu, kwa kuwa hapo ndipo gari hili huanza kutaka maji. Dereva kijana akifika hapo chombo hulia, naye husimama, akafungua boneti.