Kazi ya Kuandika Tarehe za Noti za Zamani

Watu wakisikia kwamba nashughulika na noti za zamani za Ayalandi, huniuliza kwanza zina thamani gani. Swali si baya, na nitalijibu huko mbele. Lakini noti nilizo nazo mwenyewe ni chache tu. Kazi yangu hasa ni kuandika katika daftari tarehe za noti ninazoziona, na kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka macho mazuri, kalamu na subira.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na nimekaa Dublin miaka kumi na minane nikihudumia wazee usiku katika nyumba ya kuwatunzia. Wazee wa huku, sawasawa na wa kwetu, hawatupi kitu. Noti hizi nilianza kuziona kwao: ndani ya makopo ya biskuti, katikati ya vitabu vya sala, nyuma ya picha za arusi.

Yafaa nieleze asili yake. Dola Huru ya Ayalandi ilitoa noti zake za kwanza tarehe 10 Septemba 1928. Zilichapwa London na kampuni ya Waterlow & Sons. Ya shilingi kumi ilikuwa rangi ya machungwa, ya pauni moja kijani, ya pauni tano kahawia. Mbele yupo mwanamke aliyejitanda shali kichwani. Huyo ni Hazel Lavery, mzaliwa wa Chicago, aliyechorwa na mumewe Sir John Lavery. Nyuma ni uso wa mto, ulioigwa kutoka sanamu za jumba la forodha la Dublin. Noti za sura hii ziliendelea kutolewa hata miaka ya 1970, na kila moja ilichapwa tarehe yake. Jambo hilo ndilo lililonivuta, maana noti za nchi nyingi hazikuambii zilizaliwa lini.

Basi, tarehe hizo hazilingani. Nyingine utaziona mara kwa mara, nyingine utazitafuta miaka usizione. Noti iliyochakaa ikirudi benki haitoki tena, na sanduku la marehemu hufunguliwa na vijana wasiojua wanachokishika. Ni zipi zilizobaki? Hakuna ajuaye ila wale wanaozitazama moja moja na kuandika.

Katika daftari langu kila noti ina mstari wake: tarehe, herufi na namba, saini mbili, hali ya karatasi, na siku niliyoiona. Wengine huona namba ni udhia, wakaandika tarehe peke yake. Mimi sikubaliani nao. Noti moja yaweza kuuzwa mnadani mara tatu kwa miaka kumi, na asiyeandika namba atahesabu noti tatu. Tena, ukiwa na namba nyingi za tarehe moja, unaanza kuona zilianzia wapi na kuishia wapi.

Saini nazo ni mashahidi wazuri. J. J. McElligott alitia saini noti za kwanza akiwa Katibu wa Wizara ya Fedha, pamoja na Joseph Brennan. Mwaka 1953 McElligott akawa Gavana wa Benki Kuu, na saini yake ikahamia mahali pa Gavana. Tarakimu ikiwa imefutika katika mkunjo, nawe hujui kama ni 3 au 8, watazame kwanza waliotia saini. Na noti za miaka ya vita, tangu 1940 hata 1944, zina herufi moja iliyoongezwa, ili shehena ikipotea safarini kutoka Uingereza ijulikane ni noti zipi.

Zipo pia noti zenye picha ya mkulima anayelima kwa plau ya farasi. Hizo zilianza tarehe 6 Mei 1929, na benki nane zilishiriki, kila moja jina lake likichapwa juu ya noti. Benki kubwa zilipewa fungu kubwa. Northern Bank, yenye makao yake makuu Belfast, nje ya dola hiyo, ilipata fungu dogo, na noti zake ni adimu sana.

Mwaka juzi bibi mmoja wa pale kazini alinionyesha bahasha ya marehemu mumewe. Mlikuwa na pauni nne za kijani, za kawaida. Ya tano ilikuwa ya mkulima, pauni moja, Northern Bank, tarehe 6.5.29.

“Mwanangu atazipeleka Benki Kuu Ijumaa,” akasema. Ni kweli, Benki Kuu ya Ayalandi bado huzipokea pauni za zamani: pauni moja ni kama yuro 1.27. Kisha akaniambia, “Kama waipenda hiyo yenye farasi, nipe yuro kumi, uichukue.”

Nakiri kwamba niliitamani. Sikuwa nimepata kuishika noti kama ile, na yule bibi angefurahi kwa yuro kumi, wala hakuna mtu ambaye angejua. Nikamwambia, “Bibi, noti hii yaweza kuleta mamia ya yuro. Usiiuze kwangu, wala mwanao asiipeleke benki.” Alinitazama kitambo, kama mtu anayengoja mzaha uishe. Nikamwomba ruhusa ya kuandika namba tu.

Mwanawe aliipeleka mnadani. Fedha zilitosha kuandika jina la baba yake juu ya jiwe la kaburi, kazi iliyokuwa imengoja miaka sita. Aliyeinunua simjui.

Kabla ya mnada kijana huyo alitaka kuiosha na kuipiga pasi, ili ipendeze. Nilimzuia mlangoni. Noti iliyooshwa hupoteza ugumu wa karatasi, na mnunuzi mzoefu huijua mara aishikapo. Mikunjo iachwe ilivyo.

Mstari wake umo katika daftari la pili, ukurasa wa 41. Mpaka sasa sijaona noti nyingine ya benki ile. Jumamosi ijayo kuna mnada mdogo mjini, nami nimeomba ruhusa kazini niende kusoma namba.