Viatu vya Mama Pacha

Viatu vilikuwa vya jirani yetu Mama Pacha, vyeusi, vya kisigino kifupi, na kwa kuwa mguu wake ulinizidi tulivijaza karatasi za Taifa Leo kwenye ncha, nikatembea navyo jioni nzima katika ua wa ploti yetu pale Bondeni, Nakuru, huku wanawake wakiacha kufua na kunitazama, huyu akisema niinue kichwa, yule akisema nisiburute nyayo, maana wote waliamini kwamba meneja wa supamaketi humkagua mtu kuanzia miguuni. Mwaka ulikuwa 1994. Nilikuwa na miaka 19.

Sisi wa Nakuru tulizionea supamaketi fahari kama mtu anavyomwonea fahari mtoto wa mtaani kwao aliyefaulu. Nakumatt ilitoka kwetu ikiuza magodoro, na jina lenyewe ni Nakuru Mattresses lililofupishwa. Kuketi kwenye kaunta ya malipo, umevaa sare safi, kivulini, mbele ya mashine iliyolia ngring kila droo ilipofunguka, kulikuwa daraja. Mama yangu aliuza sukuma wiki juani.

Ndiyo sababu ploti nzima ilijiandaa pamoja nami kwa intavyu. Barua ya maombi niliiandika kwenye karatasi ya fulskapu, nikairudia mara nne kwa ajili ya madoa ya wino, kisha kijana wa chumba cha mwisho, aliyekuwa karani, akaenda nayo kazini na kuipiga taipu wakati wa chakula cha mchana, akanirudishia pamoja na nakala ya kaboni. Bahasha ya kaki ilitoka kwa mwenye duka. Sketi ilinyooshwa kwa pasi ya makaa, ikabaki na harufu ya moshi ambayo hadi leo nikiisikia moyo hunienda mbio.

Naye mwalimu mstaafu aliyekaa karibu na bomba alinifunza kurudisha chenji. "Usitoe, mwanangu. Panda," aliniambia. Bidhaa ni shilingi 83, mteja amekupa noti ya 200: weka mbili ziwe 85, tano ziwe 90, kumi ziwe 100, kisha mia, ziwe 200. Hesabu kwa sauti, mteja ahesabu pamoja nawe, na hakuna atakayeondoka akidhani amepunjwa. Tulitumia vifuniko vya soda badala ya sarafu, usiku baada ya usiku, mpaka vidole vyangu vikaijua 117 kabla ya kichwa.

Wiki iliyopita binti ya kaka yangu aliitwa intavyu. Nikamwaga sarafu mezani.

"Shangazi," aliniambia kwa upole, "mashine inahesabu."

Ni kweli. Na wateja wengi hawashiki hata noti. Wanalipa kwa M-Pesa.

Maandalizi yake yote yalikuwa ndani ya simu. Maombi aliyajaza humo, cheti cha tabia njema akakiomba humo, akatoka tu kwenda kupigwa alama za vidole. Usiku aliiegemeza simu kwenye chupa ya chai, akajirekodi akijibu maswali, akajisikiliza, akafuta, akaanza upya. Utafanya nini foleni ikiwa ndefu na mashine imekwama? Utamwambiaje mteja anayefoka kwa kosa ambalo si lako? Nilimsikiliza nikiwa jikoni, nikakiri moyoni kwamba ni maswali mazuri. Mimi nilikaa kwenye kaunta miaka 17 bila meneja hata mmoja kuniuliza maoni yangu juu ya jambo lolote.

Sisi tuliulizwa mengine. Mwaka mmoja kabla yangu, Mama Pacha, kabla hajaitwa Mama Pacha, alikwenda intavyu ya namna hiyo kwa viatu hivyohivyo, tumbo amelifunga kwa leso chini ya blauzi. Mhojaji akamwuliza kama ana mimba. Hakuweza kudanganya. Saa nne ilikuwa haijafika amesharudi, na walewale waliomsindikiza hadi langoni asubuhi ndio waliomwona akiingia, kwa hiyo hakuhitaji kusema neno. Ploti iliyokuazima viatu ndiyo iliyokuhesabia hatua ulizorudi nazo. Kwa wiki nzima alichota maji alfajiri, kabla watu hawajaamka. Na bado, zamu yangu ilipofika, ni yeye aliyenigongea mlango na kuniletea vile viatu, amevipaka rangi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya mimba. Nilipomweleza binti yetu kisa hiki alikunja uso, akaniuliza kwa nini Mama Pacha hakushtaki. Nilifurahi kwamba swali hilo lilimjia mara moja. Nikashindwa kumfafanulia jinsi ambavyo lisingemjia yeyote kati yetu.

Lile duka lililoniajiri halipo tena. Nakumatt nayo haipo. Mwaka 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Nakuru imekuwa jiji, na tunaishi kwenye fleti yenye ngazi nyingi ambako jirani wa mlango wa pili simjui kwa jina.

Asubuhi ya intavyu binti yetu aliteremka peke yake. Viatu ni vyake, vinamtosha. Kwenye ngazi hakuna aliyemwambia ainue kichwa, wala hakuna aliyejua anakokwenda. Nilisimama kwenye roshani nikamtazama hadi alipopanda matatu.

Saa saba alikuwa amerudi, akavua viatu, akala, akaniambia wamesema watapiga. Zamani tungekwenda kusoma majina yaliyobandikwa kwenye kioo cha duka, tukisukumana. Sasa ni siku ya nne. Simu ameilaza kifudifudi mezani, na kila inapotetemeka sote wawili tunanyamaza.