Ruvuma Haina Malango

Huko Ulaya mume na mke huenda likizo kwa mashua mferejini. Malango hufungwa, maji hujaa, na mashua hupanda kilima pasipo jasho.

Ukifika Chidya na mwenzio, usitafute mfereji. Juu ya uwanda wa Makonde mvua hunywewa na mchanga. Akina mama waliteremka mabondeni wakapandisha maji kichwani, hata mitambo ya kuyasukuma ilipoanza kujengwa miaka ya 1950.

Mto uko kusini, nao hufuata msimu: mwaka 1861 Pioneer, meli ya Livingstone, ilirudishwa na uhaba wa maji. Ruvuma yafaa mtumbwi. Pandeni, mstarehe, lakini wakati wa kurudi mlimani, bwana na abebe ndoo. Ndipo atakapotambua kwamba lango la nyanda hizi lilikuwa shingo ya mama.