Nilitafuta Mlima Nairobi

Mimi ni mtu wa Mgeta, katika milima ya Uluguru. Mjini Morogoro sipotei, hata usiku. Milima iko kusini. Ukiipa mgongo, unakwenda kaskazini. Basi.

Mwaka 1984 nilikwenda Nairobi. Mpaka ulikuwa umefunguliwa tena mwaka 1983. Usiku nilitoka kununua mkate. Mwanangu wa miaka sita nilimwacha chumbani, amelala. Kumbe nilikosea! Niliporudi, sikuiona nyumba ya wageni. Nilitazama juu nione mlima. Hakuna.

Niliona jumba refu la mikutano la Kenyatta, la ghorofa 28. Nikalifanya mlima wangu. Lakini jumba lile ni la mviringo. Nililizunguka mara mbili. Kila upande ni uleule.

Ndipo nilipokumbuka bango la kona yetu. Mchana nililisoma herufi moja moja, kama tulivyofundishwa kwenye kisomo: River Road. Nikamtajia mlinzi wa duka.

"Mzee, vuka Moi Avenue, shika njia ya kushuka," alisema.

Nilisoma kila bango. Nilifika natoka jasho. Mwanangu alikuwa macho, ameketi mlangoni.

"Baba, mkate uko wapi?" aliuliza.