Ngata ya mama yapanda jukwaani

Binti wa kidato cha tatu alipochaguliwa kuigiza kama Siti binti Saad kwenye mahafali ya shule yao, Kayanga wilayani Karagwe, alifurahi sana. Furaha ikapungua alipoambiwa ataingia na chungu kichwani, akinadi.

Kwao ni Nkwenda, Kyerwa. Mama yake hutembeza ndizi mbivu kwa beseni, na sare, madaftari na nauli vyote vimetoka kichwani kwake. Siku moja alipita shuleni na beseni lake, wanafunzi wakacheka. Binti akamvuta pembeni: "Mama, siku nyingine usije na hilo beseni."

"Sawa, mwanangu," mama akajibu. Hakurudi tena.

Kwenye mazoezi mwalimu aliwasimulia habari za Siti. Alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Alitembeza vyungu mjini kabla ya kujulikana kwa taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuingiza sauti yake kwenye santuri. Aliimba pia juu ya haki: wimbo wake Kijiti ulihusu mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka na adhabu ikawaangukia mashahidi. Mtumwa akawa Siti, yaani bibi wa heshima, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Usiku ule binti hakulala vizuri. Asubuhi akaomba simu ya mwalimu.

"Mama, shikamoo. Naomba ngata yako."

"Marahaba. Ya nini?"

"Ya mchezo. Uje nayo mwenyewe. Na beseni uje nalo."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema atakuja.

Siku ya mahafali, nyuma ya darasa, mama alimwekea ngata kichwani na chungu juu yake. Chungu kikayumba. "Usitazame chini," akamwambia, "tazama unakokwenda."

"Mama, nisamehe."

"Nenda, wanakusubiri."

Akaingia jukwaani shingo imenyooka, akinadi kwa sauti ambayo mama aliitambua: ilikuwa yake mwenyewe, ile ya kila asubuhi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ndizi zote ziliisha jioni hiyo. Mzazi, usimfiche mwanao kazi inayomlisha. Na wewe kijana, kabla ya kuionea aibu ngata ya mama, kumbuka imebeba nini.