Ngoma Niliyoijulia Kwenye Santuri

Siku ya kwanza nilianza kushangaa mapema. Tulipovuka mpaka wa Manyovu kuingia Burundi tukitokea Kigoma, dereva alihamia upande wa kulia wa barabara, nami nikakumbatia kiti cha mbele. Wenzangu wakaendelea kusinzia. Kwao hiyo ndiyo njia. Kufika Rumonge nikaona miti imesimama safu kwa safu, moyo ukaruka: minazi! Kumbe michikichi. Mtu wa Unguja kila aendako huitafuta minazi.

Jioni tukaingia Bujumbura. Mimi niliyezoea kuliona jua likitumbukia baharini, siku hiyo nililiona likijificha nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mzee mwenyeji wangu wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili hakihitaji mkalimani, aliniandalia samaki aitwaye mukeke, wa kuchoma.

Tukila, nikamweleza kilichonileta. Marehemu mjomba alikuwa na santuri ya Joni Mitchell, Mkanada, ya mwaka 1975. Katika wimbo mmoja, chini ya kinanda cha umeme kiitwacho Moog, ngoma zinanguruma. Utotoni nilidhani ni hila za studio. Ukubwani nikajua ni Warundi, waliorekodiwa na Wafaransa mwaka 1967.

Mwaka huohuo Beatles, bendi iliyoanza na nyimbo za mapenzi za dakika mbili, ilitoa albamu ya Sgt. Pepper. Waliigeuza studio jiko: sitari ya Kihindi, okestra nzima, vyote chungu kimoja. Mwaka 1969 bendi ya King Crimson ikaja na nyimbo ndefu zenye vituo na mageuzi, kama taarab ya kwetu isiyo na haraka, na muziki huo ukaitwa roki ya progresivu. Jiko likishakuwa wazi hivyo, hata ngoma za Burundi zikapata nafasi chunguni.

Mzee akacheka. "Wazungu walichukua sauti, mwanangu. Kesho utaona yaliyobaki."

Kesho yake akanipeleka kwenye sherehe. Ngoma zilikuja vichwani! Kila moja ni gogo lililochimbwa, kama kinu cha jitu, limewambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi. Na wabebaji wanatembea huku wakizipiga. Kwetu ngoma nzito hivyo huwekwa chini, watu wakaifuata. Wakazipanga nusu duara, katikati wakaweka inkiranya, ngoma kiongozi. Mmoja akaruka, magoti yakigusa kifua, akatua na fimbo zake juu ya ngozi bila kukosea. Alipochoka, mwingine akampokea, na mdundo haukukatika.

Nikatafuta wanawake wapigaji, maana kwetu mwimbaji Bi Kidude aliifunga ngoma ya msondo kiunoni akaipiga hadi uzeeni. Sikuona hata mmoja. Mzee akanieleza kuwa amri ya rais ya mwaka 2017 imewakataza wanawake kuzipiga. Tena, akasema, kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na ni ufalme pia. Nikanyamaza. Kwetu ngoma ni ngoma, na ni mchezo.

Usiku nikausikiliza tena wimbo wa mjomba kwenye simu. Kipande kilekile cha ngoma kinajirudia, kinajirudia. Nikangoja, lakini hakuna aliyekuja kumpokea mwenzake.