Sili ya upande wa cheni

Ufundi pikipiki niliupata Morogoro, jirani na Msamvu, enzi ambazo pikipiki nyingi za mjini zilikuwa za mabwana shamba, mapadri na walimu wakuu. Zilikuja gereji kwa nadra, zimetunzwa. Baadaye zikaingia kwa wingi za Kichina na za Kihindi, na kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki za abiria, kila kijiwe kikajaa vijana. Pikipiki ikawa inatembea kutwa nzima, ikichoka inauzwa kwa mwingine, naye anauza kwa mwingine. Hapo ndipo kazi ya injini zinazomwaga oili ilipoanza kunilisha, mimi na wanangu.

Pikipiki ya mkononi ukiikuta injini yake inang'aa kuliko tenki, jiulize. Muuzaji anajua kuwa mnunuzi akiona oili atashusha bei, kwa hiyo anaiosha kwa dizeli alfajiri na kuiweka juani. Wengine humimina oili nzito ya gia ili isipenye haraka. Mimi humwambia mnunuzi aombe kuizungusha mpaka injini ipate moto sawasawa, kisha aisimamishe juu ya boksi la karatasi na kunywa chai taratibu. Muuzaji asiyekubali jambo hilo hana pikipiki ya kukuuzia.

Wapo wanaosema tone moja si neno. Injini hizi nyingi ni za mtindo wa CG125, ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 na Wachina wakaja kuiiga. Inabeba kama lita moja tu ya oili, na oili hiyohiyo ndiyo ya pistoni, ya gia na ya klachi. Nyingi hazina taa ya kukuonya. Kuna kijiti cha kupimia tu, na asubuhi ya bodaboda ni ya haraka. Tone moja kila kituo, kwa wiki, ni injini iliyokufa ikiwa na mtu na mzigo mlimani.

Kijana mmoja wa Nyandira, kule Mgeta, alinunua pikipiki ya namna hiyo kwa fedha ya kabichi. Alikuwa anashusha mizigo hadi Sangasanga kwenye lami.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Inasumbua nini?”

“Inamwaga upande wa cheni. Sili imebadilishwa weee, mpaka nimechoka.”

Rimu la nyuma lilikuwa limelowa, na oili imeanza kupanda kwenye tairi. Hapo nikaacha kazi nyingine zote. Kwa kona za Mgeta, tairi lenye oili ni kifo.

Tukaiosha, tukaifuta ikakauka, tukaipaka poda ya watoto kuanzia silinda hedi hadi chini. Poda ndiyo chombo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu upepo wa mwendo husukuma oili nyuma, na inayotoka kwenye gasketi ya juu inaweza kuonekana imetoka chini kabisa. Nikamtuma azunguke hadi stendi na kurudi. Gasketi zote zilikuwa nyeupe. Mstari mweusi ulianzia pale pale aliposema, nyuma ya sproketi ndogo.

Basi ni sili kweli, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke pembeni mwa shafti. Lakini sili nzuri haifi mara kwa mara bila kuuawa. Injini ikiwa inanguruma, nikalegeza kifuniko cha kujazia oili. Pumzi ikanipiga kiganjani. Pumzi ya namna ile ina chanzo kimoja kati ya viwili: ringi zimekwisha, au injini imezibwa pua. Bomba la moshi halikuwa likitoa moshi wa buluu, kwa hiyo nikalifuata bomba la kupumulia.

Pistoni ikishuka husukuma hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Bomba lake huenda kwenye kasha la ekilina, yaani chujio la hewa. La pikipiki hii lilikuwa limechomolewa na kuachwa likining'inia chini karibu na tairi, na mdomo wake umejaa udongo mwekundu uliokauka. Nilikata ncha yake kwa kisu, udongo ukadondoka kipande kizima. Hewa ilikuwa inatafuta mlango, na mlango dhaifu kuliko yote ulikuwa ile sili.

Nikaweka bomba jipya, nikalirudisha mahali pake. Ndipo nikagusa sili. Nilitikisa sproketi juu na chini, haikucheza, beringi nzima. Ila kwenye shafti kulikuwa na mkwaruzo mwembamba wa duara, mdomo wa sili ulipokuwa unasuguana miaka yote. Sili mpya ukiipigilia ndani kabisa inakaa kwenye mkwaruzo uleule. Nilisafisha shafti kwa msasa laini sana, nikafunika meno yake kwa plastiki nyembamba yasikate mdomo wa sili, nikapaka oili, nikaisukuma kwa boksi spana inayoenea pande zote, nikaiacha nje kidogo ili ipate chuma kizima.

Silikoni sikupaka. Silikoni nyekundu ninaichukia kwa moyo wote. Inayobanwa kwenda ndani hukatika vipande, na vipande huishia kwenye chujio la oili. Nimevitoa huko kwa bisibisi, injini imeshakauka juu na mwenyewe analia. Ninaelewa kwa nini vijana huiomba. Dereva wa mkataba anadaiwa hesabu ya siku na mwenye pikipiki hata ikilala gereji, na silikoni ni ya nusu saa. Nitamhurumia, nitamkopesha ufundi wangu alipe kidogo kidogo, lakini siwezi kumfungia kitu ninachojua kitamwacha njiani.

Cheni yake ilikuwa imekazwa mno. Mzigo ukikaa nyuma, cheni ya hivyo huvuta shafti na kuponda beringi, na beringi ikilegea sili hufuata. Niliilegeza mpaka katikati yake ikawa inacheza sentimita mbili hadi tatu. Tukajaza oili ya 20W-50, nikamwonyesha kusoma kijiti pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare.

Alirudi baada ya masika kubadilisha oili. Nilifungua kasha la sproketi kabla hajashuka vizuri: vumbi na grisi ya cheni, basi. Kijiti kilikuwa pazuri. Lakini cheni alikuwa ameikaza tena, anasema ikilegea inampigia kelele. Nikachukua spana, nikamkabidhi ailegeze yeye mwenyewe, nami nikisimama pembeni hadi ilipokaa sawa.